Tepu ya Maua na Ugali wa Mtama

Arusha,
4 Februari 2023

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, mimi na mkweo Deo, naye anakusalimu sana. Magoti yako je, bado yanakubali kupanda mlima? Mvua imefika, au bado mnatazama mawingu yakienda kunyesha kwa wenzenu?

Barua yako ya Krismasi niliipata, lakini mama, nina ugomvi na wewe. Umeifunga tena kwa ugali. Najua ndivyo baba alivyofunga barua zake zote: kidonge cha ugali wa mtama ungali wa moto, kinapitishwa kwa kidole, basi. Lakini mende wa kwenye buti la basi wamekula kona nzima, na palipobaki palikauka hivi kwamba niliichana bahasha nikachana na maneno yako. Mpaka leo sijui ni ng'ombe wa nani aliyekula alizeti. Tena niliifungulia dukani, mbele ya bosi wangu, Mama Yasinta. Akauliza, "Hii ni barua au kiporo?" Wateja wakacheka. Nikacheka na mimi, ila niliona aibu.

Dawa yake ninakutumia humu. Ni tepu sita za Kijapani. Ni za karatasi, si za nailoni kama selotepu, na kama unavyoona zina maua, mistari na ndege. Dukani ninazungushia kadi za harusi, migongo ya madaftari, fremu za picha, hata chupa za zawadi. Uzuri wake ni kwamba inanata vizuri, lakini ukiibandua taratibu inatoka bila kuchana karatasi, na ukiirudisha inanata tena. Ukikosea, unarekebisha.

Funga barua zako kwa hiyo. Tafadhali mama, ugali tuwaachie wanaoula.

Mwanao,
Aneth


Sekenke,
12 Machi 2023

Aneth mwanangu,

Marahaba, na Bwana asifiwe. Magoti yapo, yanalalamika lakini hayajagoma. Mvua ilichelewa, ikaja kwa fujo, ila mtama umesimama.

Kwanza, ng'ombe alikuwa wa Chediel, na alizeti ilikuwa ya kwaya. Pili, huyo bosi wako mwambie kiporo hicho ndicho kilichokusomesha. Baba yako alikuandikia miaka minne ukiwa shuleni Kiomboi, na haikufika hata barua moja iliyofunguliwa na mtu.

Lakini tepu zako, mama wee, zimenirudisha utotoni. Ya maua mekundu nimeviringisha mguu wa miwani uliovunjika. Ya mistari nimebandika mgongo wa kitabu cha nyimbo, mchungaji akaniuliza nimenunua kipya lini. Vibuyu vya mbegu kila kimoja kina rangi yake, njano ni alizeti, kijani ni uwele, sihangaiki tena kutikisa na kusikiliza. Picha ya baba yako ukutani nimeizungushia ile ya buluu yenye ndege wa miguu mirefu, kama wale wa ziwa Kitangiri. Na kuku! Unajua ugomvi wangu na jirani yetu Sikudhani juu ya vifaranga. Sasa wangu wote wana maua mguuni. Sikudhani anasema nimewavalisha saa ili wajue muda wa kuingia shambani kwake. Wakipita kwenye umande inabanduka, nami nawavalisha upya.

Kaka yako Calist ni mzima. Ndiye anayezipeleka barua hizi Shelui kwa pikipiki, anampa Marko kondakta wa basi la Arusha, na zako anazipokea yeye kwa Marko. Ile simu uliyoninunulia imebaki pambo, huku mtandao haufiki.

Kuna jambo linaninyima raha. Watu wenye mashine ya kutafuta dhahabu wamepita mara tatu shamba la bondeni, na Calist anatembea nao kama mwenyeji wao. Wanapima mpaka kwenye kaburi la baba yako. Nilipomuuliza akasema, "Mama, ardhi haiendi kokote." Kweli ardhi haiendi kokote, ila mwenye ardhi huondoka.

Mama yako,
Dorkas


Arusha,
2 Aprili 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Barua imefika safi, haina hata tundu. Umeona? Dukani nimesimulia habari za kuku wako, Mama Yasinta amecheka mpaka akakaa chini.

Nina habari. Nina mimba ya miezi miwili. Daktari anasema nisifanye safari ndefu kwa kuwa ile ya kwanza ilitoka. Usiogope, niombee tu.

Sasa hilo la shamba. Mama, si baba aliandika karatasi? Nakumbuka nikiwa likizo, mtendaji wa kijiji akaja nyumbani na kalamu ya buluu. Calist alikuwa ameshapewa ng'ombe na shamba la juu, akauza vyote. Baba akasema la bondeni ni la Aneth, na mama yake atalima humo maisha yake yote. Ipo wapi karatasi hiyo? Kama ipo, usimwonyeshe mtu. Iweke ndani ya barua, uifunge, unitumie. Nitaipeleka kwa mwanasheria hapa. Calist akiipata karatasi ile ataichoma, awauzie wale watu shamba kesho yake, lakini bahasha ataibeba bila kujua amebeba nini.

Mwanao,
Aneth


Sekenke,
30 Aprili 2023

Mwanangu,

Marahaba. Nimelia kwa furaha, kisha nikapiga magoti haya haya mabovu. Usinyanyue maboksi huko dukani. Kama Mama Yasinta hana mtu wa kunyanyua, anyanyue mwenyewe, ana mwili.

Karatasi ipo. Miaka yote hii imekaa ndani ya kibuyu cha uwele. Ina maandishi ya mtendaji, sahihi ya baba yako Simeoni, na madole gumba ya mashahidi wawili, mzee Mughwai na Sikudhani. Nakala ya ofisini ililiwa na mchwa, kwa hiyo ni hii moja tu duniani. Mughwai naye tulimzika mwaka juzi.

Nimeikunja mara nne, nimeiweka ndani ya barua hii. Mkono wangu ulikuwa tayari umechukua ugali, mazoea, nikakumbuka maneno yako nikaurudisha chunguni. Nimefunga kwa ile ya ndege, vipande viwili vilivyopishana. Inapendeza kama mwaliko wa harusi.

Calist anaondoka kesho asubuhi. Hata sikumwomba, amejitolea mwenyewe.

Mama yako,
Dorkas


Arusha,
21 Mei 2023

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeamka vizuri. Mimi nina kichefuchefu tu.

Mama, karatasi haimo. Bahasha imefika, tepu zote mbili zimekaa pale pale ulipoziweka, barua yako imo, karatasi haimo. Nimepindua bahasha, nimeikung'uta, Deo naye ameikung'uta.

Nakuomba utazame tena kwenye kibuyu na chini ya godoro. Usikasirike, lakini mwaka jana uliniandikia barua ileile mara mbili, na kwenye msiba wa Mughwai ulimwita Lucy muuza chai kwa jina la mama yake. Umri ni umri. Labda uliikunja, ukaiweka mezani, ukafunga bahasha bila kuitia. Hebu kumbuka vizuri, mama. Bila karatasi hiyo sina cha kumwambia mwanasheria, na baba atachimbwa.

Mwanao,
Aneth


Sekenke,
18 Juni 2023

Aneth,

Marahaba.

Niliiweka. Kwa mikono yangu hii, mlango ukiwa umefungwa, niliikunja mara nne na kuiweka. Sijasahau. Nakumbuka mpaka tundu la mchwa lililo kando ya jina la baba yako.

Umesema mwenyewe bahasha ilifika imefungwa. Basi kama ilitoka kwangu imefungwa na ikafika kwako imefungwa, karatasi imepotelea wapi? Nimeliwaza hilo wiki nzima na jibu ni moja, ingawa sikulitaka. Calist anasema ameongea nawe kwa simu, ukamwambia kina mama wa kijijini hawajui thamani ya ardhi. Sikuamini. Sasa sijui niamini nini. Kama umeipata na unataka kula na kaka yako, niambie usoni. Usiniambie nimezeeka.

Nilikuzaa siku ya kupepeta mtama, nikarudi uwanjani siku ya nne. Siyo mimi ninayesahau.

Dorkas, mama yako


Arusha,
5 Novemba 2023

Mama yangu, mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kitandani kwa amri ya daktari, siku zimebaki chache. Sijakuandikia miezi minne na nusu. Nilikasirika, mama, nakiri. Nilisema kama ananiita mwizi, atanitafuta mwenyewe. Calist nilimpigia mara mbili. Akasema hutaki kusikia jina langu. Nikamwamini yeye, nikakuacha.

Juzi nilikuwa nabandika daftari la mtoto. Nikataka kipande cha tepu ya ndege kwenye jalada, kwa ajili ya baba, nikatoa ile bahasha yako ya Aprili. Nikaibandua taratibu. Upande wa ndani, ule unaonata, kuna alama ya dole gumba, nyeusi, ya oili ya pikipiki. Imo chini ya tepu, mama, si juu yake. Vidole vyako vina unga na udongo, oili havina. Nikatoa na ile ya Machi. Alama ni ileile.

Amekuwa akizifungua zote. Anabandua, anasoma, anarudisha, na tepu inanata tena kama nilivyokusifia. Barua yangu ya kukwambia uitume karatasi aliisoma kabla yako. Ndiyo maana alijitolea kuipeleka. Ungefunga kwa ugali angeshindwa, maana ingebidi achane. Baba alijua anachofanya, na mimi kwa aibu ya wateja wawili watatu nikakunyang'anya kufuli lako. Hukusahau kitu, mama. Nisamehe kwa kukuita mzee. Nisamehe.

Sasa nisikilize. Usitie sahihi karatasi yoyote atakayokuletea, hata akikwambia nimekubali. Sijakubali, sijawahi kuongea naye habari za kuuza. Sikudhani bado yu hai na dole lake lilikuwa kwenye karatasi, kwa hiyo ushahidi tunao. Nyamazeni, ninyi wawili, mpaka Januari. Nitakuja na mtoto mgongoni, tutakwenda wote baraza la kata.

Barua hii haipiti kwa Calist. Deo atampa Marko aifikishe kwa Lucy muuza chai pale Shelui, akuletee kanisani mkononi. Deo ndiye aliyeandika jina lako juu ya bahasha, na jina langu sikuliweka popote. Nimeifunga kwa ugali. Nilimtuma Deo sokoni kutafuta unga wa mtama, nikausonga nikiwa nimekaa kwenye kigoda, jirani akauliza kama ni hamu ya mimba. Nimepaka mpaka kwenye kona zote.

Mwanao anayekuonea haya,
Aneth


Sekenke,
3 Desemba 2023

Aneth,

Amani kwako na kwa Deo. Kama umejifungua, Mungu amlinde mtoto. Sina wa kuniambia ni wa kike au wa kiume.

Barua yako ya mwisho ni ile ya Mei, uliponiambia nimeanza kusahau. Tangu hapo nimengoja. Kila Calist anaporudi Shelui natazama mkono wake kabla ya uso wake. Nilikuwa nimeshakusamehe tangu mavuno, nilichotaka ni neno moja tu.

Shamba limekwenda. Jumatatu iliyopita walikuja na mwenyekiti. Calist alitoa simu, akasema ujumbe wako huu hapa, amekubali. Mguu wa miwani ulikuwa umebanduka tena, tepu haishiki kwenye jasho, kwa hiyo akanisomea yeye. Ulisema tuuze, ulisema huna muda na mambo ya kijijini. Nikaona kama mwenye shamba mwenyewe amelikataa, mimi nalilinda kwa ajili ya nani? Nikatia sahihi. Sikudhani alinishika mkono, nikamwambia niache. Wameshaleta mashine ya kusaga mawe. Baba yako wamemhamishia nyuma ya kanisa kwenye kiboksi kidogo, tulikuwa watu tisa. Mimi nimehamia chumba cha Sikudhani. Kuku wameingia kwake wote, hakuna tena haja ya kuwavalisha.

Kuna kitu nataka ukijue, ili ujue moyo wangu ulivyokuwa. Leo Jumapili Lucy muuza chai ameniambia kwamba wiki mbili kabla ya ile Jumatatu, Marko akiwa likizo, kondakta mgeni alishusha bahasha yenye jina langu, na Calist akaichukua mezani kwa Lucy akisema za mama huwa anapeleka yeye. Moyo uliniruka. Nilisema ni Aneth. Nilikwenda nikamuuliza Calist. Hakukataa. Alisema ilikuwepo, nene, haina jina la aliyetuma, mwandiko haujui, imefungwa kwa ugali na mende wameitoboa, akaitupa mtaroni. Nikamuuliza, kwa ugali kweli? Akasema, "Kwa ugali, mama, tena mgumu kama mfupa."

Nikakaa chini. Nikajua si yako. Wewe ulishaona aibu ya ugali.

Hii nimeifunga kwa kipande cha mwisho cha tepu yako ya maua, bosi wako asikucheke. Calist anaondoka nayo kesho. Ukiibandua taratibu, haichani.

Mama yako, hata hivyo,
Dorkas