Gongo Badala ya Spiriti

Nanakili ukurasa huu kutoka daftari langu la miaka ile ya foleni za sukari, nilipokuwa mpimaji wa maabara Bunda. Sijabadilisha neno.

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, na moyo wangu mzito.

Nimekosea, na kosa langu limeua.

Wiki iliyopita aliletwa Nyamisi, msichana wa shule ya bweni, ana homa kali na shingo imekakamaa. Maji ya uti wa mgongo yalikuwa na ukungu. Nikayatandaza kwenye kioo, nikapaka GV, dawa ileile ya zambarau ya vidonda, kisha aidini. Hapo inatakiwa spiriti ya kuoshea. Spiriti hatujaiona tangu mwaka jana, kwa hiyo naosha kwa gongo, pombe kali anayopika Mama Bhoke wa Nyasura. Nilikuwa najisifia ujanja huo.

Kwenye darubini nikaona bakteria wawiliwawili, zambarau. Zambarau ni wale wa nimonia. Hata wakipanda kichwani, hawavamii bweni. Wale wa homa ya uti wa mgongo inayoambukiza huachia zambarau wakioshwa, wakashika rangi nyekundu inayopakwa mwisho. Ningeona wekundu, bweni zima lingepewa dawa.

Nikaandika zambarau. Nikasaini.

Nyamisi alipona kwa penisilini. Jana akaletwa mwenzake wa kitanda cha juu. Homa ileile, shingo ileile. Leo asubuhi amefariki.

Nikaishuku gongo, nikamfuata Mama Bhoke. Hakunificha. "Sukari ya kupikia siku hizi inapatikanaga wapi, baba? Naongezaga maji."

Simlaumu. Yeye anauza kinywaji. Hata mlevi huiwasha gongo kwa kiberiti kwanza, aone kama inashika moto. Mimi mwenye cheti sikuiwasha. Iliosha nusu nusu, wekundu wangu wakabaki zambarau.

Nimemwambia daktari yote. Nilitamani anitukane. Akasema tu, "Shule wamefunga jana, bwana. Mabinti wameshapanda malori."

Nimepewa orodha ya mabinti wa bweni na makwao: Musoma, Butiama, Buhemba, Nyamuswa. Wengi kwao ni vijijini, hakuna simu. Gari la hospitali halina mafuta. Nina baiskeli na kopo la vidonge vya kuwakinga, na sijui kama vitatosha.

Naogopa. Sijawahi kujichukia hivi.

Kukipambazuka naanza na Nyamuswa. Na nikikuta watu wamekaa matanga, nitasema mimi ni nani?