Penseli Yako Chini ya Lori

Mpendwa mke wangu Adventina,

Niwie radhi kwa ukimya wangu. Tangu tulipokuzika kibanjani, karibu na migomba uliyoipanda kwa mikono yako, sijakuandikia hata mstari mmoja, ingawa niliahidi mbele ya ndugu zako kwamba ningekuandikia kila msimu wa kahawa. Misimu miwili imepita. Sikukosa nafasi. Nilikosa ujasiri, kwa sababu kila nilipoanza, neno la kwanza lililonijia ni lile nililokuambia mbele ya Respicius, nami sikutaka kuliandika.

Leo ninaliandika, tena hadharani, ili wanachama wa chama chetu cha msingi hapa Kimwani walisome pia.

Unakumbuka ulivyoifanya kazi yako ya ukarani. Lori lilipofika kuchukua kahawa ya kupeleka kiwandani Bukoba, hukuruhusu gunia lolote lipakiwe kabla hujaona kadi ya gari, leseni ya usafirishaji, bima na karatasi ya ukaguzi. Kisha ulifanya jambo ambalo sijamwona karani mwingine akilifanya. Ulijifunga khanga kiunoni, ukaingia chini ya lori, ukaweka karatasi nyembamba juu ya namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma, ukaisugua kwa penseli mpaka namba ikajitokeza. Ulitoka huko na vumbi kichwani, ukailinganisha na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Madereva walikuita Mama Trafiki. Mmoja alikuuliza kama ulikuwa unalichumbia gari lake. Ulimjibu kwamba hata yeye, alipokuja kuposa huku kwetu, ukoo wake uliulizwa.

Nilikuonea fahari kimyakimya, isipokuwa siku ile moja. Respicius, kaka wa mume wa Koku wetu, alikuwa amenunua malori na alitaka kubeba kahawa ya chama. Alipitia nyumbani kwanza, akiwa na kikapu kidogo cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Sisi Wahaya tunaelewana: watu wakishatafuna kahawa pamoja, hawana tena la kuhojiana. Nilitafuna. Tulipofika ghalani, ukatoa penseli yako. Respicius akanitazama mimi, si wewe. Nikakuambia, "Mama Koku, unatuaibisha. Tumekwisha kula kahawa na mkwe."

Uliichomeka penseli kwenye kitambaa chako cha kichwani, ukatia sahihi, na lori likaondoka.

Breki zilikataa mteremkoni, kabla ya kufika Rwamishenye. Novatus wa Kagondo, aliyekuwa dereva, aliligongesha lori kwenye ukingo wa barabara ili lisiwafikie watu waliokuwa mbele yake. Mguu wake wa kulia ulikatwa. Baadaye ilijulikana kwamba kadi na karatasi ya ukaguzi tulizoonyeshwa zilikuwa za lori jingine la Respicius, lililokuwa zima. Malori mawili, karatasi za lori moja. Respicius alisema kwamba watu wake walichanganya mafaili, na jambo likaishia hapo. Penseli yako ingelionyesha kwa dakika tano. Wewe hukunilaumu hata siku moja. Ulimpelekea Novatus ndizi kila mwezi mpaka ulipougua, na mimi nilikubebea mikungu hiyo hadi kituoni bila kukuomba radhi.

Sasa chama kinatafuta msafirishaji wa misimu mitatu ijayo, nami, mwalimu mstaafu, nimechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya usafiri. Kampuni tatu zimeomba, ya Respicius ikiwemo. Nimekwenda Bukoba kwa ajili ya kila moja. Katika ofisi ya leseni nimeuliza kama zimesajiliwa, na kwa askari wa usalama barabarani nimeomba kujua ajali zao. Karani mmoja aliniuliza, kwa adabu, ninatafuta nini katika umri huu. Nilimwambia kwamba ninatafuta faili, na kwamba liko nyuma yake. Novatus alinisindikiza, akaketi kwenye benchi na kuyaegemeza magongo yake mezani pa karani huyo. Hakuna aliyetuambia turudi kesho.

Wiki iliyopita kampuni zote zilileta malori ghalani. Respicius alikuja na kikapu kilekile, au kinachofanana nacho. Alikiweka mezani mbele ya wanachama, akaniita baba na kuniuliza kwa upole, "Tata Mwalimu, tunatafuna kwanza au tunasoma kwanza?"

Watu wakacheka. Nikamjibu, "Tunasoma kwanza, mkwe. Ukiwa na haraka, tafuna peke yako."

Nikatoa penseli yako. Sikuwa nimewahi kulala chini ya gari maishani mwangu, na magoti yangu yalinikumbusha hivyo. Mzee mmoja alisema kwamba Mwalimu ameishiwa madaftari, sasa anasahihisha malori. Waliendelea kucheka mpaka nilipotoka chini ya lori la tatu la Respicius. Namba niliyoisugua na namba ya kwenye kadi hazikufanana. Novatus aliichukua karatasi, akaisoma, kisha akampa Respicius. "Ni kama lile langu," alisema.

Respicius anadai kuwa ni kosa la ofisi. Huenda ni kweli. Nimempa nafasi ya kulithibitisha kwa maandishi, kama ambavyo ningempa mwingine yeyote. Lakini Koku amenipigia simu akilia. "Tata, usinivunjie nyumba kwa ajili ya namba." Yeye ndiye mtoto wetu wa pekee, na mume wake hajakanyaga kwetu tangu siku hiyo. Wanachama wawili wamekuja kunishauri nijiuzulu kwa ajili ya amani ya ukoo. Nimekataa. Amani hiyo niliwahi kuitunza, na mguu uliokatwa haukuwa wangu.

Nimemwambia Koku kwamba ninampenda, na kwamba namba hiyo itasomwa mbele ya mkutano mkuu. Wanachama wakitaka kumpa mkwe kazi, watampa wakiwa wamekwisha kuisikia, na jina la kila aliyenyoosha mkono litaandikwa. Mkono wangu hautanyooka. Wakiniondoa katika kamati, nitasimama mlangoni pa ghala kama mwanachama wa kawaida, na penseli ninayo.

Nisamehe, Adventina. Si wewe uliyetuaibisha siku ile. Nilipaswa kukuambia hivyo ulipokuwa ukinisikia.

Namba ile niliisugua mara mbili. Nakala moja ni ya mkutano. Nyuma ya nyingine ndipo ninapomalizia barua hii. Kikapu cha akamwani bado kiko juu ya meza ya ghala, na hakuna aliyekigusa. Mkutano ni Jumamosi. Uamuzi ukishatolewa, uwe wowote ule, nitakuandikia siku hiyohiyo. Sitangoja msimu mwingine.

Mumeo,
Baba Koku