Naona Mawimbi, Sisikii Sauti

Alhamisi, jioni. Lurambi. Mvua imekatika sasa hivi, matone bado yanadondoka kutoka kwa mabati.

Leo nina wivu. Naanza na hilo ili nisije nikajificha nyuma ya maneno mengine.

Si ule wivu wa kuona jirani ameletewa kochi jipya. Huu wangu unakaa hapa chini ya mbavu. Ukifua nepi uko. Ukisonga ugali uko. Ukilala unalala katikati yenu.

Jina lake ni Dori.

Wewe unayesoma hapa kwa mara ya kwanza, ngoja nikueleze. Mume wangu, Baba Imani, hurekodi matangazo. Yale unayasikianga gari lenye spika juu likipita polepole sokoni: duka jipya linafunguliwa, kuna mkutano wa injili, mzee fulani atazikwa Jumamosi. Anarekodia hapa nyumbani kwa kompyuta ya mitumba, na kisanduku kidogo cha sauti kinachochomekwa kwa waya pembeni yake. Maiki inaingia kwa hicho kisanduku, na hedifoni na spika mbili zinapata sauti hapo hapo. Bila kisanduku, kompyuta yetu ni bubu.

Sasa, wenye matangazo wanapenda sauti ya mwanamke. Na sauti ya mwanamke, kwa Baba Imani, ni Dori. Anaimba naye kwaya. Amesomea kompyuta chuoni. Kitu kikigoma hapa ndani, mume wangu hanitazami hata. Anashika simu. "Dori atajua."

Dori atajua. Nimeisikia hiyo sentensi mpaka naiota.

Jumanne nilimpeleka Imani kliniki kupimwa uzito. Niliporudi nilisikia kicheko kutoka nje, kabla hata sijafika mlangoni. Nyumba yetu ni sebule ndogo na chumba cha kulala, na kompyuta iko chumbani kwa sababu sebuleni kelele za barabara zinaingia kwa maiki. Kiti ni kimoja. Baba Imani alikuwa amekalia kiti.

Dori alikuwa amekaa kwa kitanda changu.

Kwetu kitanda cha ndoa si benchi. Mama mkwe wangu akitutembelea hapiti hata lile pazia la chumbani, na ndiye aliyemzaa huyo mwanamume. Dori amekulia Nakuru, labda hajui mambo haya. Baba Imani anajua.

Nilisimama hapo na mtoto mgongoni. Dori akaniangalia, akatabasamu, akasema, "Karibu, Mama Imani!"

Karibu! Kwangu!

Halafu nikaenda nikawapikia chai. Ndiyo. Wacha niliandike na hilo.

Tangu Jumanne nimekuwa nikijiuliza walikuwa wanacheka nini. Na nilijua mahali jibu lilipo. Baba Imani hana tabia ya kuwasha na kuzima. Anaacha mashine irekodi mfululizo, makosa na mazungumzo na yote, halafu anakaa baadaye kukata vipande vizuri. Mchana wote wa Jumanne ulikuwa ndani ya ile kompyuta, na alikuwa bado hajaukata.

Tatizo ni kwamba leo asubuhi sauti ilikuwa imepotea. Aliwasha, akabonyeza, kimya. Alikuwa anachelewa gari la matangazo la kwenda Likuyani, akasema huku anafunga viatu, "Nitamwambia Dori apitie saa tisa. Atajua."

Nikasema sawa. Mlango ulipofungwa nikamlaza Imani na uji wake tumboni, nikakaa kwa kile kiti.

Nilitaka vitu viwili. Nitengeneze sauti kabla ya saa tisa, ili Dori akose sababu ya kuingia chumbani kwangu. Na nisikie Jumanne.

Kufungua faili najua, nimemwona mara nyingi kutoka mlangoni. Nikaifungua. Sauti huku huonekana kama picha, mawimbi marefu na mafupi. Nikabonyeza, kimstari kikaanza kutembea juu ya mawimbi, na sikusikia kitu. Unajua uchungu wa kuona watu wakiongea na huwasikii? Mahali pamoja kulikuwa na mawimbi makubwa matatu yamefuatana, halafu madogo madogo. Nikajua hicho ni kicheko chake. Nilikijua hata kwa picha.

Nikazungusha vitufe vya kisanduku mpaka mwisho. Kimya. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka, kwa hivyo umeme kilikuwa kinapata. Nikachomoa hedifoni nikaichomeka kwa simu yangu, nikaweka wimbo. Ikaimba vizuri. Basi hedifoni haikuwa na kosa. Nikazima kompyuta, nikawasha tena, nikaomba kidogo. Kimya.

Nikatafuta kwa simu. Nikapata video ya jamaa mmoja anaongea Kiingereza mbio kama mnadi. Mimi niliishia kidato cha pili, Kiingereza changu ni cha kutembea, hakikimbii. Lakini simu ina kitufe cha kusimamisha mtu. Nilimsimamisha kila sentensi. Wakati mwingine nilimrudisha mara nne, na hakuchoka wala hakunicheka.

Huyo jamaa akasema niangalie kile kipicha cha spika pale chini kwenye kona, nione sauti inaelekezwa wapi. Nikabonyeza. Kumbe kompyuta ilikuwa inapeleka sauti kwa skrini! Skrini yetu haina spika hata moja. Tangu asubuhi ilikuwa inamwongelesha asiye na mdomo. Nikachagua kisanduku, na spika zikalia ting!

Nikapiga makofi. Imani, aliyekuwa ameamka na kukaa sakafuni na sufuria yake, naye akapiga makofi.

Nikarudi mbio kwa Jumanne. Nikabonyeza.

Kimya.

Hapo nusura nilie. Wimbo wa kawaida ulikuwa unacheza kwenye kompyuta, lakini ile programu ya kurekodi ilikuwa imenuna. Saa saba ilikuwa imepita. Nilimwona Dori akilini mwangu, ameshavaa, anapaka mafuta ya midomo.

Nikaanza kuipekua hiyo programu kila mahali, kama mtu anayetafuta funguo kwa mfuko wa koti la mwingine. Nikakuta nayo ina orodha yake ya mahali pa kupeleka sauti, haifuati ile ya kwenye kona. Na kwenye hiyo orodha, kisanduku chetu kiliandikwa mara mbili. Jina lile lile, ila la chini lilikuwa na namba mbili mbele yake. Programu ilikuwa inamshikilia yule wa kwanza, na yule wa kwanza hakuwa hai.

Namba mbili. Kama mke wa pili. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya.

Halafu nikakumbuka jana. Jana radi ilipiga kama inataka kupasua Kakamega yote, na sisi huku hakuna anayengoja kuambiwa, ukisikia ngurumo unachomoa kila waya ndani ya nyumba. Nilichomoa mimi. Mvua ilipoisha nikarudisha mimi, na waya wa kisanduku nikauchomeka kwa tundu lingine, la karibu. Kompyuta ikafikiri ni mgeni amekuja, ikampa namba yake.

Kwa hivyo nilikuwa nimeiharibu mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwita Dori, kwa mikono yangu.

Nikachagua namba mbili. Nikavaa hedifoni.

Sauti yake ikaingia masikioni mwangu karibu sana, kama amekaa ndani ya kichwa changu. Ni sauti nzuri. Sitasema uongo.

Alikuwa anasoma tangazo la hadwea. Misumari, mabati, rangi, saruji, na bei za kila kitu, bila nukta. Akafika katikati akakwama.

"Baba Imani, hii sentensi uliandika wewe? Nitazikwa kabla nifike kwa saruji!"

Na wakacheka. Mawimbi makubwa matatu. Hicho ndicho kilikuwa kicheko. Saruji.

Nikaona aibu, kisha nikaona raha, na ningezima hapo ningelala vizuri leo. Lakini mtu mwenye wivu haoni mahali pa kusimama. Nikaendelea.

Dori akasema, "Lakini kwani mama watoto hasomangi? Mimi siku zingine sitapatikana."

Baba Imani akacheka kidogo. "Nani, Mama Imani? Aii, Dori. Huyo wangu ni wa nyumbani. Hiyo mashine hata kuiwasha hajui."

Dori hakucheka. "Umeshawahi kumwonyesha?"

Kiti kikalia. Baba Imani akakohoa. "Tuanze tena, kutoka mwanzo. Moja, mbili..."

Nilirudisha mara tatu. Mara ya kwanza sikuamini. Mara ya pili nililishika neno "wangu", nikataka linitoshe. Mara ya tatu halikutosha.

Nilikuwa nimejiandaa kusikia mapenzi. Haki, nilikuwa tayari. Nilikuwa hata nimepanga nguo nitakazobeba kurudi Shinyalu kwa mama. Sikuwa nimejiandaa kwa hili, kwamba mwanamume anayenipenda, anayeninunulia samaki akipita sokoni, ananiona kama kabati. Kitu kizuri cha nyumbani ambacho hakiulizwi neno.

Na aliyeuliza ni yule niliyemchukia.

Dori alifika kabla ya saa tisa, mvua ikimfukuza. Nilifungua mlango na sikujua niweke uso gani. Alivua viatu, akapangusa maji kwa nywele, akauliza kompyuta inasumbua wapi.

"Haisumbui," nikasema. "Nimeitengeneza."

"Nani ametengeneza?"

"Mimi."

Akaniangalia, akagonganisha viganja. "Weeh! Mama Imani! Ilikuwa nini?"

Nikamweleza habari ya radi, na tundu, na namba mbili. Nilieleza mpaka nikajisikia naringa. Alisikiliza yote, akasema yeye angeanza kwa kuitoa programu na kuiweka upya, na hapo angepoteza jioni nzima.

Sikumwambia kwamba nimemsikiliza. Hilo naliungama kwako, si kwake. Na nisikudanganye kwamba tumekuwa marafiki. Marashi yake bado yananikera. Nilimpa chai sebuleni, na alipomaliza nikamwomba kitu kimoja: anionyeshe pa kubonyeza ili irekodi. Akanionyesha duara nyekundu. Akaniambia nikae mbali na maiki kiasi cha shubiri moja, na nisimeze mate katikati ya neno. Basi. Akavaa viatu akaenda.

Bado nina wivu naye. Ila umehama. Asubuhi niliona wivu kwa sababu ya alipokaa. Sasa naona wivu kwa sababu yeye huulizwa.

Mabati yaliponyamaza nikamfunga Imani mgongoni, nikachukua karatasi ya hadwea. Ile sentensi ndefu nikaikata mara tatu kwa kalamu. Nikabonyeza duara nyekundu.

Mara ya kwanza nilisikika kama mtoto anayesoma mbele ya darasa na mwalimu ana fimbo. Nikafuta. Mara ya pili Imani alisaidia kwa kupiga kelele. Mara ya tano nikaacha kusoma, nikafikiria tu kwamba namwita jirani ng'ambo ya ua, njoo, mama, kuna mabati hapa. Nikajisikiliza. Sauti yangu si kama ya Dori. Ina ukavu fulani, na chini yake kuna kitu kama kucheka. Sikuifuta.

Baba Imani alirudi na tope mpaka magotini. Akaingia chumbani, akawasha, akasikia spika zimelia.

"Dori ni mtu wa maana," akaniita kutoka kule. "Ilikuwa nini?"

"Dori alikuta imepona."

"Imeponaje?"

Nilikuwa kwa jiko, kwenye kona ya sebule, nakoroga mchicha, na mwiko ulikuwa umesimama. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe kutoka chumbani, inatangaza mabati. Ikafika mwisho. Akairudisha. Ikaanza tena.

Alitoka akasimama kwenye pazia. Nikamwambia yote, sikuchagua. Kwamba nilisikiliza Jumanne. Kwamba nilifikiria mabaya. Kwamba nilisikia alivyosema kuhusu kuwasha.

Mume wangu si mtu wa maneno, anauza maneno ya wengine. Aliangalia miguu yake. Akasema, "Hiyo ilikuwa mdomo tu." Nikamwambia mdomo ndio kazi yako. Imani akamtambalia akamshika suruali yenye tope.

Halafu Baba Imani akasema, polepole, kama mtu anayejaribu daraja la mti kwa mguu mmoja: "Kuna tangazo lingine la kesho. La mkutano wa injili. Je, ungependa kulisoma wewe?"

Miaka mitatu ya ndoa. Huwa ananiambia. Leo ameniuliza.

Nikarudisha mwiko kwa mboga. "Nitafikiria," nikasema.

Sasa amemshika mtoto sebuleni, anajifanya anacheza naye, lakini kila saa ananitupia jicho.

Nimeshafikiria tayari. Nilifikiria kabla hajamaliza kuuliza. Lakini acha leo alale na hilo swali, asikie linavyokaa chini ya mbavu.