Dada, Daktari Alikuuliza Juu Yangu

Dada Atieno,

Barua za namna hii huanza kwa neno mpendwa. Nimeliandika na kulifuta mara kadhaa, kwa hiyo nakuita tu kwa jina alilokupa mama, na kwa udada ambao ugomvi wowote hauwezi kuufuta.

Macalder kwetu unapakumbuka, najua, maana unapataja sana kwenye video zako huko ng'ambo. Unasimulia kwamba ulikuwa mtoto mpweke, asiyeeleweka na yeyote. Mpweke, dada? Nami nilikuwa wapi?

Nilikuwa kando yako. Mama akiwauzia wachimba dhahabu chai na mandazi, sisi tulikaa nyuma ya kibanda huku mashine za kusaga mawe zikinguruma tangu asubuhi. Watoto wengine walicheza karibu nazo kana kwamba hazipo. Sisi hatukuweza. Ulinifunika masikio kwa viganja vyako, nami nikakufunika yako, tukakaa hivyo uso kwa uso kama wendawazimu wawili mpaka mashine zizimwe. Mama alitukuta hivyo akacheka. "Hawa wangu," alisema, "Mungu aliwafinyanga kwa udongo mmoja."

Wewe hukugusa omena za ziwani mpaka mama azitoe vichwa. Mimi sikula chochote kilichogusana na kingine, ugali ulikaa sahani yake na mboga sahani yake, na mama akalalamika kuosha vyombo vya watu wanne wakati watoto tuko wawili. Tulifanana mpaka katika usumbufu.

Lakini wewe ulipiga mayowe na mimi nilinyamaza. Mwaka ule kwenye makambi ya kanisa, spika zilipofunguliwa kwa ajili ya kwaya, ulijitupa chini ukalia mpaka wazee wakakuzunguka kukuombea, wakidhani ni pepo. Mimi nilibaki kwenye benchi, nimeuma leso ya mama mpaka fizi zikatoa damu. Akina mama walinisifu, "Huyu mdogo ana adabu." Wewe peke yako uliiona ile damu. Walipokuachilia ulikuja ukanifuta mdomo kwa ncha ya gauni lako, ukaninong'oneza, "Usimwambie mtu. Watakuombea na wewe."

Sikumwambia mtu. Nilikutii kwa miaka yote hiyo.

Kisha ukaenda kusomea uuguzi, ukapata kazi huko, na mama akatutoka. Siku moja ukanipigia simu Homa Bay, nilikokuwa nikifundisha Kiswahili, ukaniambia kwamba daktari wako anataka kuzungumza na mtu aliyekujua ulipokuwa mtoto mdogo. Mama hayupo, nimebaki mimi. Siku aliyopiga nilitoka kanisani, nikajifungia nyumbani, nikaongea na daktari yule mzungu mchana kutwa. Aliuliza habari za kelele, za chakula, za kutazama watu machoni, za nguo zilizokuwasha ukazivua mbele ya wageni. Nilimjibu yote kwa uaminifu. Kila swali lililokuhusu wewe lilinigonga mimi pia.

Majibu yalipotoka ulinipigia ukilia kwa furaha. "Nyamera," ulisema, maana ukifurahi bado unaniita dada kwa lugha ya nyumbani, "ina jina. Inaitwa usonji. Sikuwa na pepo, sikuwa mtoto mbaya." Nikalia pamoja nawe. Halafu nikakuuliza, "Na mimi je?"

Ukacheka. "Wewe ni mpole tu, Adhiambo. Usianze kujitafutia."

Haukupita muda mrefu nikaiona video iliyokupa jina. "Usonji si mtindo wa nywele," uliwaambia watu, "kwamba ukiuona kwa mwenzako nawe unaenda kusukwa." Walikucheka kwa kukupenda. Ukawaambia wanaojipima kwenye simu waache kuwaibia wagonjwa wa kweli nafasi.

Sikatai, una hoja. Kwenye chumba chetu cha walimu alikuwapo mwenzetu aliyechelewa kila Jumatatu, na akiulizwa anasema ubongo wake umeumbwa tofauti, amehakikisha kwenye simu. Tulimcheka, na mimi nikacheka. Wapo wanaoyavaa majina haya kama miwani ya jua. Lakini wewe ulipimwa bila kutoka mji unaoishi. Mimi nilipouliza huku, mhudumu wa kwanza aliniambia usonji ni wa watoto, itakuwaje mwalimu mzima. Wa pili aliniandikia dawa ya usingizi. Baada ya hapo ningeuliza wapi, kama si kwenye simu?

Ningeendelea kunyamaza, lakini kazi ilikataa. Siku ya wazazi shuleni walikodisha spika kubwa wakaziweka kando ya hema letu. Nilijikaza mpaka mwili ukanishinda. Nikaziba masikio mbele ya wazazi wote, nikatoka nikipepesuka, nikaenda kuchutama nyuma ya vyoo. Mkurugenzi wa shule alinifuata na wazazi wawili nyuma yake.

"Mwalimu, umekunywa?"

"Sijawahi kunywa maishani mwangu."

"Basi ni nini hiki? Unaniaibisha mbele ya watu!"

Nikamweleza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno lile kwa sauti juu yangu mwenyewe. Alinisikiliza, nimpe haki yake, kisha akasema, "Hilo daktari ndiye wa kusema, si wewe. Akisema, nitakutoa kwenye zamu za bwalo na mikutano. Asiposema, siwezi kukaa na mwalimu anayekimbia."

Kwa hiyo nikaenda Kisumu kwa daktari anayeyajua mambo haya. Alikuwa mama mwenye subira. Aliniuliza mengi, akaandika, mwishoni akasema, "Mengi yanaelekea huko. Lakini lazima nimsikie mtu aliyekujua utotoni. Yupo?"

Nikatabasamu, dada. Nilitabasamu kwa sababu ulikuwapo.

Alikupigia palepale, akaweka simu mezani na kukwambia kwamba nipo, nakusikia. Ulijua.

"Mdogo wangu hakuwa na shida yoyote," ulimwambia. "Alikuwa mtoto mtulivu, mwenye adabu. Mwenye shida nilikuwa mimi. Na unajua, daktari, siku hizi mtu akitazama video mbili tatu anajipa ugonjwa."

Daktari alinitazama, akarudia kukuuliza taratibu, "Na kelele? Hazikumsumbua?"

"Hapana. Sikumbuki kitu kama hicho."

Ningeweza kupiga kelele kutoka kwenye kiti kile. Ningekutajia leso, damu, gauni lako. Nikafanya nilichozoea kufanya. Daktari alikata simu akaniambia kwa upole, "Sisemi huna. Nasema sina cha kusimamia." Nikamshukuru, nikatoka.

Shule ilimpata mwalimu mwingine kabla muhula haujaisha.

Sasa ninaishi Kehancha. Nafundisha watoto wa watu majumbani mwao, mmoja mmoja, na chumba changu kiko mbali na barabara, boda boda hazifiki mlangoni. Siishi vibaya. Naishi nimejificha. Mama mmoja wa Kikuria aliniuliza kwa nini mwalimu mzuri kama mimi hayuko darasani, nikamwambia nina kichwa kinachouma. Hilo watu hawaliombei ushahidi.

Nimejiuliza sana kwa nini ulisema vile. Huenda uliogopa wafuasi wako wasikie kwamba hata mdogo wako amejipima mwenyewe. Huenda ni jambo dogo zaidi. Tulilala kitanda kimoja, tukavaa viatu kwa zamu, sare yako ikawa yangu. Pengine ulitaka upate kitu kimoja maishani ambacho si cha watoto wawili. Ningeweza kukuelewa kwa hilo. Kukusamehe bado sijaweza.

Na sasa umeniandikia kwamba unakuja Desemba, utapiga video Macalder, nyumbani kwa mama. Umeomba niketi kando yako niwaeleze watu ulivyokuwa ulipokuwa mdogo, kwa sababu watu wanapenda kusikia familia. Hukunitaja kwa lolote jingine. Hukuuliza nimekuwaje, wala nakula nini, wala kwa nini siko Homa Bay tena.

Wewe ulinisema mbele ya daktari, na mbele ya dunia ukawasema wote walio kama mimi, kwa hiyo nami nakujibu hadharani, kwa barua hii ambayo kila mtu ataisoma. Njoo. Ufunguo wa nyumba uko kwa shangazi, na kaburi la mama linahitaji kupaliliwa. Mimi nitakwenda kulipalilia ukishaondoka. Mbele ya kamera yako sitaketi. Duniani amebaki mtu mmoja anayejua ulivyokuwa utotoni, na huyo amekataa kukusemea.

Usafiri salama.

Mdogo wako,
Adhiambo