Wifi Yangu Ananipandia Dau la Kabati

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi niamkie kimoyomoyo, naomba unisaidie maana nina jambo limenikaa kooni na wateja wangu wameshachoka kulisikia. Mimi nafua na kunyoosha nguo za watu barazani kwangu, mtaa mzima wananiita Mama Pasi, shule niliishia njiani ila mdomo wangu ulihitimu, kwa hiyo mwandiko utanisamehe.

Habari yenyewe ni ya wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume, na ndugu mwingine sina. Huyu mwanamke sina ugomvi naye, nampenda sana, ila ananikera. Nikinunua mapazia yeye keshanunua mazito zaidi, nikisuka yeye kasuka jana yake, hata kucheka anacheka vizuri kuliko mimi, ana vijino vidogo vidogo kama mtoto, na mdogo wangu akimwangalia utadhani amewekewa sinema. Mimi mume wangu anachomelea mageti, akiniangalia ananiuliza kama pasi nimezima. Na yule kijana nimembeba mgongoni mimi, mshauri, mama alikuwa mgonjwa, leo akinunua kitu kizuri kinaishia kwa mkewe hakifiki kwangu.

Basi nikaliona kabati la vyombo kwenye ukurasa wa mnada mtandaoni, la vioo, lina taa ndani, ukiwasha vikombe vinang'aa kama vinaolewa. Pale muuzaji anaweka picha, watu wanaandika dau chini yake, mnapandana mpaka saa ya kufunga, aliye juu ndiye anayechukua. Nikaandika langu. Simu sijaiweka chini, mtu anajiita Ua Jekundu kanipanda. Nikampanda na mimi, huyo hapo tena. Nikikaa kimya na yeye kimya, nikigusa tu na yeye kagusa. Sasa mtu atakufuata hivyo kama hakujui? Nikajiuliza nani hapa duniani hataki nikae na kabati lenye taa, jibu likaja lenyewe na vijino vyake.

Nikamfuata muuzaji inboksi, nikamwambia kaka samahani, huyu Ua Jekundu siyo mwanamke mmoja mfupi, mweupe, geti la bluu nyuma ya kituo cha mafuta, anaongea kwa kujidekeza? Akanijibu kwa adabu, "Dada yangu, siruhusiwi kutaja wateja, ila wewe una macho." Nikamwambia ndiye, ni wifi yangu huyo, anaona mimi mfua nguo sistahili kitu kizuri. Akanipa pole. Kijana mstaarabu. Tangu hapo Ua Jekundu akaanza na maneno, anaweka dau halafu anaandika mawifi wengine watabaki kufua tu. Unaona? Nani mwingine anajua mimi ni wifi na nafua?

Kitu kimoja tu kilinitatiza, simu. Ya wifi iliingia kwenye ndoo ya maji ikafa, siku hizi anatumia kisimu cha kubonyeza ambacho hata picha hakioneshi. Wenzangu wa barazani wakanicheka, wakauliza sasa anapanda dau na nini, na kidole? Nikafikiri, nikaona mbona rahisi, ana simu nyingine ya siri. Nikawaambia. Na mdogo wangu alipokuja kuchukua suruali zake nikamwambia sina ubaya, lakini mwanamke mwenye simu ya siri haongei na mnada peke yake. Nilisema kama dada.

Nasikia alipekua nyumba nzima, godoro likatolewa nje, mabegi yakamwagwa, simu haikuonekana, ndiyo ikawa mbaya zaidi, akasema basi ameificha kwa huyo bwana aliyempa. Wifi akapita hapa na begi, mtoto mgongoni, anakwenda kwao. Akasimama akaniuliza, "Wifi, nimekukosea nini?" Nikamwambia kaulize mnada. Wenzangu walicheka sana, ila kazi siku ile ilinishinda, niliunguza kola ya shati la mwalimu.

Sasa furaha. Mnada ulifungwa Ua Jekundu akiwa juu, bei imeshapita ya dukani, mimi nimekata tamaa. Kumbe muuzaji kanitafuta, anasema mshindi ameshindwa kulipa, nichukue mimi kwa dau langu la mwisho, ila nitume hela yote leo, wapo wengine wanaulizia. Umeona wifi alivyoumbuka? Nitume? Na akirudi, nimwalike makusudi alione likiwaka, au nimwache alisikie kwa watu? Halafu mdogo wangu hali chakula, anakuja hapa barazani anakaa tu haongei. Nimtafutie mwingine? Maana kuna binti wa duka la dawa nimeshamwangalia. Hiyo nayo unijibu.

Mimi, Mama Pasi

MSHAURI ANAJIBU

Mama Pasi, barua yako mwanzoni nilicheka, mwishoni nikashindwa. Kabla ya yote, usitume hela. Zima pasi, kaa tuongee.

Simu ya siri ipo kweli, ila iko mfukoni mwa muuzaji. Ua Jekundu ni yeye mwenyewe, au mtu wake, na kazi yake ni kukupandisha wewe. Angalia ulivyoniandikia: ukinyamaza ananyamaza, ukigusa anagusa. Anayelitaka kabati kweli ana mwisho wa hela yake, na dukani anajua ni bei gani. Huyu alipanda bila breki, safari hii akapitiliza, wewe ukachoka, kabati likamrudia mikononi, ndiyo maana eti mshindi kashindwa kulipa na wewe una bahati. Ingia kwenye ukurasa wa huyo Ua Jekundu utazame. Kama hana sura, ukurasa umefunguliwa juzijuzi, na madau yake yote yako kwa muuzaji huyohuyo, kila siku anapanda wala hajawahi kuonekana na kitu alichonunua, huhitaji mganga. Piga picha ya hayo yote uwapelekee wasimamizi wa ule mnada. Na siku nyingine uliza kwanza bei dukani, weka mwisho wako moyoni, usimtajie mtu, najua kwako hilo ni adhabu, uandike dau lako mnada ukikaribia kufungwa, na hela itoke ukiwa umekishika hicho kitu. Ukisikia haraka, leo, wengine wanaulizia, weka simu chini.

Sasa la wifi. Nani alikwambia ni yeye? Soma ujumbe wako tena. Mfupi, mweupe, geti la bluu, wifi, kufua, vyote vimetoka kwako. Kijana wako mstaarabu alisema tu una macho, halafu akakurushia maneno yako mwenyewe na wewe ukayalipia. Kama bado unanibishia, mwandikie leo kwamba umegundua Ua Jekundu ni fundi viatu mmoja mrefu mwenye upara. Atakwambia una macho.

Mama, una wivu. Sikutukani, nami nilimlea mdogo wangu akaoa, najua inavyouma kuona macho yale yamehamia kwa mtu mwingine. Lakini wivu wako umemtoa mtu kwake na mtoto mgongoni, kwa ajili ya simu ambayo hakuna aliyewahi kuiona, hata wewe. Na bado unaniuliza habari za binti wa duka la dawa. Mwache auze dawa.

Mdogo wako akija barazani leo, mpe simu yako asome mazungumzo yako na muuzaji toka juu kabisa. Asome mwenyewe, wewe utaruka mistari. Akikugombeza, gombezeka. Waite na wale waliocheka, uwaambie kwa sauti ileile uliyowaambia mwanzo. Kisha mwende kwa kina wifi, na wewe utangulie mlangoni, asitangulie mdogo wako. Usianze na kabati wala ubaya wa muuzaji, maana utajificha nyuma yake. Mwambie hivi tu: "Wifi, ile simu niliitunga mimi." Halafu unyamaze, umwache aseme yake yote mpaka amalize.