Droni Ndani ya Gauni Langu

Gaétan,

Supu ya njegere iko jikoni, ipashe moto. Na uondoe theluji ngazini kabla hujatoka.

Nimetangulia kwa dada yangu. Asubuhi hii, nikifunga sanduku langu, nimeikuta droni yako imeviringishwa ndani ya gauni langu. Jana uliniapia: "Tulia mpenzi, leseni yangu ya Kanada inatosha hata Moroko." Nimepiga simu ubalozi wa Moroko. Haitoshi. Forodha wanaichukua, na anayehojiwa ni mwenye sanduku. Kama kweli uliiamini hiyo leseni, mbona hukuiweka kwenye sanduku lako?

Nimeilaza kitandani, upande wako.

~~Naenda Moroko peke yangu.~~ Nitakungoja uwanja wa ndege jioni. Sanduku lako nitalipekua mimi kabla ya hao wa forodha.

Mkeo,
Maryse