Jumba na Mtaa

Jumatatu, 4 Machi

Limeanguka tena! Jumba limeanguka, na safari hii kwa sababu ya printa. Karatasi ilikwama, basi. Karatasi moja! Kompyuta kuu ya maabara ikaganda, skrini zote zikawa nyeusi, na kazi ya darasa zima ikapotea. Binti wa mstari wa mbele alikuwa anamalizia ukurasa wa mwisho. Alilia bila sauti.

Jumba ndilo jina tuliloupa mfumo endeshi wa maabara, alioubuni Profesa enzi za ujana wake. Humo kila programu inaishi chini ya paa moja: msimamizi wa diski, wa kibodi, wa printa, wote wamejazana ndani ya kiini, moyo wa mfumo, bila ukuta, bila mlango. Mmoja akiteleza, anashika nguzo ya nyumba, na nyumba nzima inamfuata.

Nilipanda juu ya kiti. Sikukusudia, miguu ilipanda yenyewe. Nikauliza: mpaka lini, ndugu zangu, mafua ya mmoja yawe msiba wa wote? Nikatangaza kwamba zama za Jumba zimekwisha. Makofi! Kumbe Profesa alikuwa amesimama mlangoni.

Hakufoka. Alisema tu, usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamjibu: mbachao ukishatoboka, Profesa, anayeulalia amelala chini. Darasa likapasuka kwa kicheko. Nadhani hata yeye mdomo ulimcheza. Halafu akaweka sharti mbele ya halaiki. Mfumo wangu wa mradi wa mwisho, Mtaa, nitautetea Ijumaa ya wiki ijayo. Ukinakili faili kubwa kwa muda usiozidi mara mbili ya ule wa Jumba, nimefaulu. Ukizidi, narudia mwaka.

Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Jumanne, 5 Machi

Kobe amenuna. Ni mwenzangu wa mradi. Jina alilipata kwa namna anavyoandika programu, mstari mmoja kwa kikombe kizima cha chai. Nikianguka mimi, naye anarudia mwaka — na sikumwuliza. Amesema Kamanda, ndivyo anavyoniita, akumbuke kwamba debe tupu ndilo livumalo. Nikasema debe hili lina Mtaa ndani yake. "Ndiyo," akasema, "Mtaa wa vilema."

Matusi! Mtaa wetu ni haki iliyojengwa kwa kuta. Kila msimamizi ana nyumba yake na mlango wake. Kiini ni kidogo mno, kazi yake kubwa ni utarishi: kupokea ujumbe huku na kuufikisha kule. Mmoja akifa, Mwangalizi, programu inayowalinda wote, anamfufua, na majirani hata hawasikii kilio.

Tukapima. Jumba lilinakili faili kabla sijakaa sawa kitini. Mtaa ulipoanza, Kobe akaenda kuchemsha chai, akarudi, akainywa, akasuuza kikombe.

Mara tisa ya muda wa Jumba! Mara tisa!

Alhamisi, 7 Machi

Mara nane.

Mama kapiga simu. Nimemweleza kuhusu sharti. Amesema nilizaliwa napiga kelele hata mkunga akaomba radhi, kwa hiyo asije akaambiwa leo kwamba nimenyamaza. Kisha akauliza, huo mtaa wenu una watu au una kuta tu? Nilicheka. Sasa sicheki. Swali limeniganda.

Jumamosi, 9 Machi

Niandike polepole, nisije nikajidanganya.

Asubuhi nilifungua programu yenyewe ya Jumba, mstari kwa mstari. Nilitafuta silaha. Nilitaka hotuba ya Ijumaa iwe mazishi. Nikasoma hadi kufika mahali msimamizi wa diski anapoikabidhi programu data yake — na hakuna kinachobebwa! Anaonyesha tu mahali. Ipo pale kabatini, jichukulie. Basi. Ndiyo maana linakimbia.

Na kuta? Kompyuta za enzi hizo zilikuwa na kumbukumbu isiyotosha picha moja ya simu yangu. Kila ukuta ungekula sehemu ya kumbukumbu ile, na kila kuvuka mlango kungekula muda wasiokuwa nao. Yule mzee hakukosa kuta kwa uzembe. Alijenga nyumba ambayo mashine ya siku zile ingeweza kuibeba! Nilikuwa namhukumu mtu kwa kutokuvaa koti ambalo halijashonwa.

Kisha nikautazama Mtaa wangu. Diski inalibeba kabati zima mpaka nyumba ya mafaili. Nyumba ya mafaili inalinakili lote na kulibeba mpaka kwenye programu. Mzigo uleule, mlango baada ya mlango! Na kwa nini? Kwa sababu mimi, kwa wino mwekundu, nilibandika sheria ukutani juu ya meza yetu: HAKUNA KINACHOSHIRIKIWA. Nilizipenda kuta hata nikasahau kwamba watu wanahitaji kupeana vitu.

Nilimkimbilia Kobe. Kabati libaki lilipo, nikasema, na ujumbe upeleke ufunguo tu! Kiini kimfungulie anayehusika, akimaliza kimnyang'anye. Kuta zinabaki, mzigo hautembei.

Kobe akanitazama weee. "Nilikwambia hivyo mwezi wa kwanza. Ukasema nina mawazo ya kimwinyi."

Nilisema hivyo kweli. Nimemnunulia chai. Amesema kikombe kimoja hakitoshi kumfuta machozi mwinyi.

Jumanne, 12 Machi

MARA MOJA NA NUSU!

Tumepima tena na tena. Mara moja na nusu! Kobe amecheza — Kobe! — hadi mguu wa kiti ukavunjika. Ile sheria ya ukutani nimeing'oa kwa mikono yangu. Nimempigia Mama nikamwambia mtaa sasa una watu. Amepiga kigelegele bila kuuliza maana yake.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya maabara. Jopo la watahini limekwenda mapumziko, mashine imefungiwa ndani.

Maabara ilifurika, wengine walining'inia madirishani. Kasi: mara moja na nusu, Profesa mwenyewe akiwa ameshika saa. Sharti limetimia! Kisha nikamwita binti wa mstari wa mbele aikwamishe printa kwa mkono wake. Jumba likaanguka kama kawaida yake. Kwenye Mtaa, msimamizi wa printa akafa, Mwangalizi akamfufua, na faili likaendelea kunakiliwa kana kwamba hakuna aliyepiga chafya. Kelele zile! Yule binti alikumbatia skrini.

Hotuba ya mazishi sikuisoma. Nilisema Jumba lilikuwa jibu sahihi la swali la zama zake, na kwamba mwendo wa Mtaa tumejifunza kwake. Profesa akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

Kisha akaniambia, kwa upole: "Binti yangu, huyo Mwangalizi anayefufua wengine. Yeye anafufuliwa na nani? Muue, tuone."

Mwenyekiti wa jopo akatangaza mapumziko.

Nimemwuliza Kobe kama tuliwahi kumjaribu Mwangalizi. Hatukuwahi. Kwa nini? "Ulisema kiongozi haguswi, Kamanda." Kuna mistari kadhaa aliyoiandika kwenye kiini ili kimwinue, lakini haijawahi kuguswa na jaribio. Ananishauri nikatae: sharti lilikuwa kasi, tumeshafaulu, tuondoke na ushindi wetu.

Ni kweli, tumefaulu. Hakuna anayeweza kunilazimisha. Na Mtaa ukianguka mbele ya macho haya yote, itajulikana kwamba nimejenga Jumba jingine, lenye nguzo moja niliyoificha.

Lakini miaka yote hii mzee yule alikuwa akinijibu kwa methali. Leo ameniuliza swali la fundi kwa fundi!

Mlango umefunguliwa. Ameushika mwenyewe. Hajaniita binti, amesema, "Karibu, mhandisi." Kobe ananong'ona: unamuua au humuui?

Kalamu chini. Kidole kinahitajika kwenye kibodi.